Picha Niliyoipiga Nikiwa Mlangoni

Garissa, Jumapili alasiri

Mwende wangu,

Mama yako anapiga pasi nguo zako kwa mara ya pili, nawe umeenda kuwaaga marafiki zako ng'ambo ya daraja. Nimejifungia chumbani nikasema naumwa na kichwa. Siumwi. Nina jambo la kukuandikia, maana nikikuambia kwa mdomo nitalikatiza katikati kama nilivyolikatiza mara nyingi, kisha nikuulize kama umekula.

Habari za blanketi, dawa ya pumu, kanisa na wavulana nimemwachia mama yako. Ameyasema yote, na mengine ameyasema ukiwa tayari umelala. Mimi ninalo moja tu.

Unakumbuka siku ulipotusomea mezani barua uliyoandika ya kuomba nafasi chuoni? Ulisimama wima na karatasi yako, umekunja uso utadhani unasoma somo la kwanza kanisani. Uliandika kwamba unataka kujifunza kazi ya eksirei kwa sababu wakati wa korona baba yako aliwakaribia wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Mama yako akapiga makofi. Mimi nikasema mboga imezidi chumvi, nikatoka nje. Ulininunia siku mbili, halafu ukamwambia mama yako kwamba baba hapendi kusifiwa. Mwanangu, baba yako anapenda kusifiwa kupita kiasi, na utaona hapa chini kupenda huko kulifanya nini. Nilitoka nje kwa sababu sentensi ile haikuwa kweli.

Nilikuja Garissa kutoka Mwingi kabla sijaoa. Nilijiambia nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Wenzangu wa bara waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa joto, wengine kwa hofu, mimi nikabaki. Watu walisema nina moyo. Sababu moja ambayo sikumwambia hata mama yako ni kwamba hapa niliitwa daktari. Mimi si daktari. Sisi wa eksirei tunapiga picha, daktari ndiye anayeisoma. Lakini foleni ya daktari huwa imefika getini, naye anaongea upesi, tena na mtu aliyesafiri siku mbili kutoka Takaba.

Na hapa, mtu akipigwa picha, ile filamu ni mali yake. Anaondoka nayo kwenye bahasha kubwa ya kaki, anaiweka juu ya kabati pamoja na vyeti vya watoto, na akiugua tena baada ya miaka kumi anakuja nayo. Kabla hajamfikia daktari anasimama pale kwenye varanda, anaiinua juani, kisha ananigeukia na kuniita daktari wa picha kwa lafudhi yao: "Daktari wa bicha, sema. Iko safi ama iko chafu?" Kanuni inasema nimwelekeze kwa daktari. Mimi nilikuwa namjibu. Nikisema safi, wazee wananiombea dua papo hapo. Nikisema chafu, wanatikisa kichwa na kuniheshimu zaidi. Mara nyingi jibu langu lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniharibu.

Kisha korona ikaingia. Ulikuwa darasa la saba, na mwaka huo pumu ilikuwa imekulaza hospitalini mara mbili. Nilihamia kwenye stoo ya nje. Mama yako alikuwa ananiwekea sahani dirishani, nawe unanipungia mkono kutoka mlangoni, mimi nabweka kama yule mbwa wa jirani ili ucheke. Ulicheka kila siku. Nikishafunga dirisha nilikuwa nakaa kitandani nikihesabu pumzi zangu.

Hapa naomba unielewe vizuri. Niliogopa kukuletea ugonjwa, na niliogopa kufa mimi mwenyewe. Yote mawili yalikuwapo. Nikikuambia niliogopa kwa ajili yako tu nitakuwa nimekutwika kosa langu, nawe ulikuwa mtoto unayecheka mlangoni. Kwa hiyo ukimaliza kusoma usijiambie ilikuwa kwa sababu yako. Sista Halima, muuguzi wa wodi ya kutengwa, alikuwa na watoto watatu nyumbani, na mdogo ananyonya, na kila siku alikuwa anasogea karibu na wagonjwa.

Mzee Gedi alikuwa mfanyabiashara wa ngamia kutoka Habaswein. Alikuja kuuza ngamia sokoni hapa, homa ikamkamata akiwa kwa jamaa zake, na alipoletwa hospitalini hakuweza kumaliza sentensi. Akawekwa kwenye wodi ya kutengwa na kufungiwa oksijeni. Binti yake Sahra alikataa kutoka. Akaelezwa sheria za wodi ile, akasema sheria ni nzuri, na akabaki. Alikuwa na barakoa moja tu na ushungi wake, anampepea babake, anamfuta jasho, anamlisha uji kwa kijiko. Siku ya sita daktari akataka mzee apigwe picha nyingine ya kifua, na nikasukuma ile mashine ya magurudumu mpaka kwenye mlango wa chumba chake.

Picha ya mgonjwa aliye kitandani ina kazi, utafundishwa. Inabidi umwendee. Umwinue akae, uweke kaseti, lile bamba lenye filamu ndani, sawasawa nyuma ya mgongo, unyooshe mabega, uondoe mikono kifuani. Unamwambia avute pumzi, unatazama kifua chake kikipanda, na ukishahakikisha ndipo unarudi nyuma na kufyatua. Pumzi ikijaa, mapafu yanafunguka, na kwenye filamu yanatokea meusi kama inavyotakiwa. Mtu akiwa amejikunja na pumzi yake ni nusu, sehemu za chini zinabanana na kutokea nyeupe, na hata moyo unaonekana mkubwa. Nikitaka, naweza kumpiga mtu mzima mwenye afya na akaonekana ana wiki moja ya kuishi.

Nikabaki mlangoni. Kazi yetu inatoa kisingizio kizuri, maana wakati wa kufyatua ni lazima ukae mbali na miale, kwa hiyo mtu anayepita hawezi kujua kwamba hukukaribia tangu mwanzo. Nilimkabidhi Sahra kaseti, nikamrushia maagizo kutoka pale.

"Mwinue baba yako. Hiyo kaseti iweke nyuma ya mgongo."

"Namna hii?"

"Hivyo hivyo. Sasa toka nje haraka."

Kaseti ilikuwa imelala upande, nikaona. Mzee alikuwa ameteleza chini kwenye mto, nikaona. Sista Halima, akiwa kando ya kitanda cha jirani ndani ya yale mavazi yake ya kujikinga, akaniambia kwa furaha, "Huyu mzee leo ameniomba chai! Na oksijeni nimempunguzia tangu asubuhi, kile kipimo cha kidoleni kinasoma vizuri." Nikasikia. Mzee Gedi alikuwa ananitazama, akingoja nimwambie la kufanya. Sikumwambia kitu. Nikafyatua. Mpaka leo sijui kama alikuwa anavuta pumzi au anaitoa. Sista akanikabidhi kaseti, nikaondoka na mashine yangu, na mguu wangu haukukanyaga sakafu ya chumba kile.

Filamu ilipotoka ilikuwa nyeupe huku na huku, chini na pembezoni, vile vile tulivyozoea kuuona ugonjwa ule. Weupe mwingine ulikuwa wa ugonjwa na mwingine ulikuwa wangu, na sikuweza kutenganisha. Kuna mambo mawili ningeweza kufanya. Kurudi kuipiga upya, au kuandika pembeni ya filamu kwamba mgonjwa amelala, pumzi haikushikwa, picha irudiwe. Nikiandika hivyo daktari angenirudisha chumbani. Nikaandika jina lake na tarehe, basi.

Nilikuwa naipeleka kwa daktari. Kwenye varanda nikamkuta Yusuf, kaka yake Sahra, pamoja na wazee watatu wa ukoo wao. Waliponiona wote wanne wakasimama. Watu wakisimama kwa ajili yako, Mwende, unahisi ni lazima uwape kitu.

"Daktari wa bicha," Yusuf akasema. "Sema tu, sisi ni wanaume. Iko aje?"

Nikaiinua juani. Nikasema, "Kijana, mapafu yameisha."

"Imeisha kabisa?"

"Kama mna nia ya kumfikisha nyumbani, mfikisheni angali hai."

Hilo la pili hakuniuliza. Niliongeza mwenyewe, na nilidhani ni huruma. Wakati ule aliyefia kwenye wodi ile alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe, hapahapa mjini, ndugu wachache wamesimamishwa mbali, hakuna kuoshwa na mikono ya watoto wake. Kwa watu wa huku hilo ni jambo zito kuliko kifo chenyewe, nami nilikuwa nimeishi nao vya kutosha kulijua. Nilijua nikisema vile watafanya nini.

Yusuf akaichukua filamu mkononi mwangu, na hawakumngoja daktari. Sista Halima aligombana nao mpaka sauti ikamkauka. "Mnampeleka wapi mtu anayekunywa chai?" Yusuf akamjibu kwa adabu, "Sista, bicha imesema." Sahra naye alikataa, akamshika babake mkono hataki aguswe, mpaka kaka yake alipompelekea ile filamu na kumwonyesha ule weupe. Mtungi wa oksijeni ulikuwa wa hospitali, haukuruhusiwa kutoka. Wakatia sahihi, wakamlaza kwenye godoro nyuma ya gari, wakashika njia. Mzee Gedi alikata roho walipokuwa wamekwisha ipita Modogashe, kabla hawajaona nyumba za Habaswein.

Siku ya tatu alikuja mfanyabiashara mmoja na salamu kutoka kwa Yusuf. Mwambie daktari wa picha Mungu amlipe, alituambia ukweli mapema, tumemwosha mzee wetu na kumzika kwetu. Nilizipokea salamu hizo, Mwende. Nilisema amina, tena kwa sauti.

Labda ningebaki hivyo, kifua mbele, kama si mama mmoja muuza maziwa kutoka Dadaab. Alilazwa kwenye wodi ileile baada ya majuma mawili. Picha yake aliiweka sawa Sista Halima mwenyewe, ilikuwa picha nzuri isiyo na kasoro, na ilikuwa nyeupe kuliko ya Mzee Gedi. Siku hiyohiyo nilimwona mama huyo akitembea kwenda msalani peke yake, ameshika ukuta. Nikamfuata daktari, nikamuuliza imekuwaje. Alikuwa anakula sambusa kwenye ngazi. Akaniambia, kama mtu anayeeleza jambo la kila siku, kwamba kwa ugonjwa huu picha huchelewa. Mtu anaweza kuwa ameshaanza kupona na weupe ukabaki kwenye filamu kwa majuma. Kuna mwingine picha yake ni safi naye anazidiwa. Unamtazama mtu kwanza, anavyopumua, anavyoongea, kidole kinasoma nini, halafu ndiyo unatazama picha. Akajifuta mafuta mkononi akarudi kazini. Hakujua amenieleza nini.

Sisemi Mzee Gedi angepona. Niliwaona wengine walioomba chai asubuhi, na jioni wakawa wamefariki. Sijui, na hakuna atakayejua. Ila alikuwa na nafasi, kubwa au ndogo, nami niliiondoa kwa maneno mawili kwa sababu niliogopa kurudi chumbani na nilifurahi wazee waliposimama kwa ajili yangu. Tangu siku ile sijamsomea mtu filamu. Watu wakadhani nimekuwa mwenye maringo.

Mwezi uliopita Sahra akaja.

Anauza nguo sasa kule Habaswein, ana watoto wawili. Alikuwa na kikohozi kisichokwisha, na daktari amemtuma kwangu apigwe kifua. "Adeer, unanikumbuka?" akaniuliza, kwa lile neno lao la kumwita baba mdogo. Nikasema hapana. Nilikuwa nimemjua tangu alipoingia. Nikamsimamisha mbele ya mashine, nikamnyoosha mabega, nikamwinua kidevu, nikamwambia avute pumzi, avute tena, aishike, nikamtazama mpaka kifua kikajaa. Picha ikatoka nzuri. Ana doa dogo upande wa juu, na daktari amemwanzishia dawa za kifua kikuu. Ameambiwa akizimaliza atapona.

Lakini kabla hajaenda kwa daktari alichomoa filamu nyingine kutoka kwenye bahasha yake. "Hii ni ya aabo. Linganisha. Nataka kujua kama ni ugonjwa moja." Kumbe walikuwa wameitunza, kama watu wa huku wanavyotunza. Nikaziweka zote mbili kwenye taa, yake na ya baba yake.

Nilikuwa sijaiona tangu ile siku ya varanda. Mifupa ya mabega imepinda, moja juu, moja chini. Mbavu zimebanana. Na juu ya mbavu, Mwende, mifupa ya vidole vitano. Mkono wa mzee ulikuwa kifuani wakati nilipofyatua. Umetokea vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye filamu ile, na mimi, fundi wa kusifiwa, niliiinua juani mbele ya mwanawe na sikuuona. Kuuondoa ule mkono kungenichukua muda wa kuhesabu mpaka tano.

Sahra alikuwa anaangalia uso wangu, si filamu.

"Siku ile ulisimama mlangoni," akasema. "Leo umengoja bumzi yangu."

Nikazigeukia tena filamu.

"Adeer, sema ukweli. Hii bicha ya aabo, ilikuwa ya kufa?"

Nikamwambia, "Mwulize daktari."

Miaka yote ile watu walipotakiwa kusikia jibu hilo sikuwapa. Siku ambayo kulikuwa na mtu mmoja duniani mwenye haki ya kuambiwa nami, nikajificha nyuma ya kanuni. Alizikusanya filamu zote mbili akazitia kwenye bahasha moja. Akasema, "Haya, adeer," akatoka, na hakugeuka.

Sijalala vizuri tangu hapo. Kuna nyakati nimejitetea kwamba nikinyamaza namhurumia Yusuf. Yeye ndiye aliyembeba babake mpaka garini, yeye ndiye aliyemwonyesha dada yake filamu, na anaishi akiamini alifanya kama mtoto mwema anavyopaswa. Nikisema, nitamwondolea hilo, na huenda hatakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Nimelizungusha jambo hili kichwani sana. Lakini Sahra ameuliza. Na kwa jinsi alivyonitazama nadhani amekuwa akiuliza peke yake kwa miaka hii yote, na labda anamwona kaka yake kuwa ndiye mwenye kosa.

Sikuandikii ili nikuambie uwe jasiri. Utaogopa, mwanangu, ugonjwa mwingine utakuja na wewe utakuwa na mtu nyumbani unayempenda. Siku ambayo miguu itakataa kusogea, angalau chukua kalamu uandike pembeni ya filamu jinsi ulivyoipiga. Amelala. Pumzi haikushikwa. Mkono uko kifuani. Utaona aibu mbele ya daktari kwa robo saa. Na wakikuita daktari, wasahihishe siku ya kwanza, kabla hujaanza kulipenda jina hilo. Mimi nililipenda mno.

Ile sentensi ya kwenye barua yako imekwisha fanya kazi yake, chuoni hawatakuuliza tena habari zake. Sikuombi uifute. Nakuomba tu usiondoke nayo moyoni, kwa maana siku moja utasimama mlangoni wewe mwenyewe na utajiona mtu mbaya kuliko baba yako, na hiyo haitakuwa kweli. Kama baada ya kusoma haya utanionea uchungu, nionee. Usiache kazi kwa sababu yangu. Nimekuona ulivyo na wagonjwa, ulivyokuwa unamlaza bibi yako na kumgeuza bila kumwumiza. Mimi sikuwa hivyo nilipokuwa na umri wako, na nakupenda kwa hilo kama nakupenda kwa mengine yote.

Mama yako nilimweleza juzi. Akawa anachambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua. Nilitegemea alie au anifariji. Akaniuliza tu gari la Habaswein huondoka saa ngapi.

Nimejaribu kuandika nitakachomwambia Sahra, sijapita sentensi moja: siku ile niliogopa kuingia, na picha ya baba yako ilikuwa mbaya kwa sababu yangu, na nilisema najua jambo nisilolijua. Yusuf atakuwapo. Anaweza kunifukuza, anaweza kunipiga, na sitainua mkono.

Nasikia sauti yako getini. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Usije kunigongea mlango usiku, sitaweza. Asubuhi tutakunywa chai kama siku zote na nitalalamika kuhusu sukari. Gari lako la Nairobi linaondoka saa moja, la Habaswein saa mbili, na yote hupakia kwenye barabara ileile. Ukikaa dirishani utaniona nimevuka upande wa pili na kile kibegi changu cha kazini. Nipungie mkono kama ulivyokuwa unanipungia ukiwa mtoto, Mwende, na usiteremke.

Baba yako